Kikombe cha Mama

Jumanne ile ya mwaka 1973 nilirudi kutoka hospitali peke yangu. Mama yangu, Margareta, alikuwa amefariki alfajiri. Kikombe chake cha bati kilikuwa bado kando ya kitanda, kimejaa maji.

Tuliishi Kiwalani, mie, mke wangu Yuliana na mama. Mama aliteleza bombani, akavunjika nyonga. Hospitali walimpasua, wakaunga mfupa kwa chuma. Alipotoka, tulidhani hatari imekwisha.

Yuliana alikuwa zamu ya mchana kiwandani, mie zamu ya usiku. Kwa hiyo mchana nilibaki na mama.

"Kunywa maji, mama."

"Nitakunywa Yuliana akirudi."

"Anarudi saa kumi na mbili jioni."

"Basi nitamngoja. Nimekuzaa mwenyewe, Anselmo, leo unishikie chombo cha mkojo? Kule Masasi wakisikia, hata kuku watacheka."

Nilicheka. Niliona ni heshima, nikamwacha.

Siku ya tisa tangu atoke hospitali, mkojo wake ulikuwa kidogo, mweusi kama chai ya rangi. Miguu ikavimba. Akilala chali alihema. Akaanza kuniita Kasiani, jina la marehemu baba. Nikasema ni uzee.

Kesho yake alikuja jirani yetu Mwanakombo, muuguzi wa zahanati. Alibonyeza miguu ya mama. Vidole viliacha shimo.

"Anakunywa maji saa ngapi?"

"Jioni tu." Nikamweleza sababu.

"Mzee akipasuliwa nyonga, hauumii mfupa peke yake. Figo zinachuja uchafu wa damu. Zikikosa maji zinaharibika. Na moyo wake umechoka tangu alipoanguka."

"Basi nimpe maji mengi sasa."

"Sasa usimpe mengi. Amevimba, moyo utazidiwa. Apelekwe hospitali leo hii. Mkojo ulipopungua, ndipo ungeniita."

Tulimpeleka. Aliishi siku nne. Sikupata nafasi ya kumwomba radhi akiwa ananitambua.

Mwaka uliofuata Mzee Marijani, wa nyumba ya tatu, alivunjika nyonga, akapasuliwa. Anaishi na binti yake Mwamvita. Naye akagoma kunywa, akimwonea haya binti yake. Mwamvita alikuja kwetu analia.

Nilikwenda.

"Shikamoo, mzee. Mie si mwanao. Chombo nitashika mie."

"Marahaba. Kiwandani wamekufukuza?"

"Bado. Kunywa."

Alinitazama, kisha akanywa. Daktari alikuwa amemwambia Mwamvita kiasi cha maji kwa siku. Kila siku tuliangalia mkojo, rangi yake na wingi wake. Tuliangalia miguu na pumzi. Siku moja miguu ilivimba, tukampeleka hospitali asubuhi ileile. Alirudi baada ya wiki.

Sasa Mzee Marijani anakwenda msikitini kwa mkongojo. Maji anakunywa kwa kikombe cha mama.