Kiti cha Kwanza Mlima Pelkey

Kila Oktoba mji wetu wa Barstow hukusanyika kwenye bwalo la zimamoto kuuziana mbao kuukuu za kutelezea theluji. Kuna viatu vya watoto waliokwisha kuwa warefu, makoti yanayonuka stoo na donati za moto za akina mama wa kanisa. Mwisho wa yote hupigwa mnada wa kitu kisichobebeka: kiti cha kwanza. Mshindi ndiye atakayepanda lifti ya Mlima Pelkey, ile ya viti vinavyoning'inia kwenye kebo kupandisha watelezaji, siku ya ufunguzi, kabla ya mtu mwingine yeyote, ubavuni mwa mwenye mlima.

Mwaka huo mwenye mlima alikuwa Corinne Pelkey. Alikuwa amerithi kwa baba yake mlima, lifti chakavu na deni la benki. Alipanda juu ya meza na koti jekundu la marehemu, mikono yake ikimfika vidoleni, nywele zikichungulia chini ya kofia.

"Dola hamsini!" akaanza mwoka mikate, kama kawaida yake.

"Mia nne," ikasema sauti ya nyuma.

Vichwa vikageuka. Mwanamume mrefu mwenye kofia ya sufu ya kijani alikuwa akitafuna donati kana kwamba hakusema neno.

"Wewe kaka, umeelewa lakini?" Corinne akamuuliza. "Ni kiti tu. Tena kina baridi."

"Nimeelewa. Si nasikia wewe mwenyewe unakaa hapo hapo?"

Watu wakaangua kicheko. Corinne akauhisi uso unamchoma, akagonga nyundo haraka.

Shangazi yake Lucille, mkata tiketi wa mlima tangu enzi za marehemu, hakucheka. "Mwenye akili timamu halipii baridi dola mia nne," akamnong'oneza. "Huyo katumwa na kampuni."

Kampuni tulikuwa tunaijua. Ilinunua milima miwili jirani, ikaifunga, ikajenga nyumba za matajiri wa wikendi. Sasa iliutolea macho wa Pelkey. Benki ilikuwa imempa Corinne msimu mmoja, na kwetu msimu ni wiki ya Krismasi. Lifti isipozunguka wiki ile, mlima unauzwa.

Mgeni aliitwa Royce Haskell. Alisema ni fundi wa mashine, hakusema mashine gani. Kufika Novemba akawa anampigia Corinne simu kila jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula chapati za maji na shira. Shangazi anakusalimu."

"Mwongo! Shangazi yako atanisalimu kwa koleo."

Corinne akacheka mpaka akakaa chini.

"Eti," Royce akaendelea, "giaboksi ya lifti yenu ilibadilishwa lini?"

Kicheko kikakatika. "Royce, unanipenda mimi au lifti yangu?"

"Kwani lazima nichague?"

Lilikuwa jibu tamu, lakini halikumshuka vizuri. Alikuwa ameshaona kwamba wakitembea pamoja mlimani, macho ya Royce hupanda juu ya nguzo za lifti na kukaa huko. Shangazi naye aliona.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu," akamwambia. "Usiseme sikukwambia."

Jumapili moja Royce alikuja kula. Aliponyanyuka kuondoka, Corinne akatangulia kwenye pikapu kumwekea kipande cha mkate wa tufaha. Upepo ulikuwa umefunua turubai. Chini yake kulikuwa na viti vya lifti, vya bluu, vya Mlima Tarleton, ule wa kwanza kufungwa. Alivipanda utotoni.

"Hivi ni nini?"

Royce akasimama pale pale kwenye ngazi. "Ndiyo kazi yangu. Mlima ukifa, naitwa kung'oa lifti. Spea nawauzia walio hai."

"Na wangu je?"

"Kampuni ilinituma niitazame. Kabla ya mnada, Corinne. Kabla sijakujua."

"Kwa hiyo ulikuja kunipimia sanda!"

"Niliwaambia kazi hiyo siifanyi tena..."

"Ondoka na viti vyako."

Akaondoka. Simu zikalia siku kadhaa, Corinne hakuzipokea, kisha zikanyamaza, na hilo nalo likamuuma.

Desemba ikaingia na theluji nzuri. Kwetu lifti haifunguliwi mpaka ijaribiwe na mzigo: viti hupakiwa mapipa ya maji yenye uzito wa watu, mkaguzi wa jimbo akitazama. Mapipa yakaanza kupanda, yakining'inia kimya kama waumini. Yalipofika katikati, giaboksi ikatoa mlio wa kusaga mawe, na lifti ikasimama.

"Bila giaboksi nyingine, hufungui," mkaguzi akasema kwa huruma. Mpya huagizwa ng'ambo, na hufika theluji ikishayeyuka.

"Nani alikuwa anaichungulia kila siku?" Shangazi akauliza. "Mimi simtaji mtu."

Jioni kampuni ikapiga simu. Walikuwa wameshasikia pigo lililompata, wakasema, wakamtajia bei ndogo kuliko ile waliyowahi kumtajia. Hapo hapo Corinne akampigia Royce.

"Umewaambia wewe!"

"Corinne? Niko njiani, mtandao huku..."

"Umeilegeza giaboksi, halafu ukakimbia kuwaambia!"

Simu ikakatika. Corinne akajifunika koti jekundu akalia, na kusema kweli hakuwa akililia giaboksi.

Kesho yake mchana pikapu ya Royce ikapanda taratibu, ikivuta trela. Juu ya trela palikuwa na giaboksi ya Tarleton, imefungwa minyororo.

"Imetoka kiwanda kimoja na yako," Royce akasema bila salamu. "Nilikuuliza ilibadilishwa lini kwa sababu niliisikia ikilia."

Corinne hakusogea. "Umejuaje imevunjika?"

"Kampuni walinipigia jana. Walitaka nije na kreni baada ya Krismasi, niing'oe lifti."

"Wao nani aliwaambia?"

Royce akatazama buti zake. "Sikuwauliza. Wamejisemea wenyewe. Mama wa dirisha la tiketi."

Shangazi Lucille alikuwa mlangoni na sinia la kahawa. Akaliweka sinia kizingitini.

"Deni lilimmaliza kaka yangu, nikiona," akasema. "Nikaona na wewe unazama. Bora uende mlima, ubaki wewe."

Corinne akamgeukia. "Kikulacho, Shangazi?"

"Ki nguoni mwako," mama yule akamalizia, na machozi yakamtoka.

Corinne akachukua kikombe kimoja, akampelekea Royce. "Bei gani hiyo giaboksi?"

"Kiti nimeshakilipia. Sitaki kikose kuzunguka."

Giaboksi ikafungwa, mapipa yakapanda tena, na safari hii yakashuka. Siku mbili kabla ya Krismasi mji mzima ulipanga foleni chini ya mlima, na kiti cha kwanza kikawabeba wawili hao, koti jekundu na kofia ya kijani, juu ya miti iliyojaa theluji. Katikati ya njia lifti ikasimama.

"Royce! Giaboksi yako!"

"Tazama chini, mpenzi. Kuna mtoto kaanguka akipanda kiti, wameisimamisha."

Corinne akageuka kuhakikisha. Kweli, mtoto alikuwa anainuliwa na kupanguswa theluji.

"Utaacha lini kunishuku?" Royce akauliza.

"Sijui. Labda nikizeeka."

"Basi nitasubiri hapa hapa."

"Kwenye kiti?"

"Kwako. Nikuoe, Corinne?"

Corinne akakaza macho. "Umemwambia nani kwamba utaniuliza hilo?"

"Sijamwambia mtu."

"Shangazi?"

"Hajui kitu."

Lifti ikagutuka, ikaanza kupanda tena. Corinne akavua glavu, akauingiza mkono wake kwenye mfuko wa koti la Royce, ukakutana na wake.

"Basi ndiyo," akasema. "Twende tukamwambie Shangazi sisi wenyewe, kabla hajaipigia simu kampuni."