Kengele Iliyozibwa Nyasi

Saa kumi kasoro robo, Ebla alitandika kitambaa cheupe juu ya meza ya barazani, akakivuta pembe zote nne, akapanga vikombe tisa. Jikoni Elkanah mpishi alikuwa anakata mkate vipande vyembamba vya kushibisha kuku. Wageni wa Mama Maua walikuja kila alasiri, wakala vipande hivyo kwa ncha za vidole, wakasifu hali ya hewa. Hawakuchoka. Miaka nenda miaka rudi, hali ya hewa ile ile, sifa zile zile.

Hapo ni Gurati, mlima wenye ziwa juu yake, mwendo wa siku mbili kwa lori kutoka Garissa. Huko chini jua lilikuwa linapasua mawe. Gurati ukungu ulishuka kila alasiri, na mwezi wa Julai Wazungu wake waliwasha moto sebuleni wakajipongeza kwa kutetemeka. Walikuwa nyumba kumi na moja: maofisa waliostaafu, wajane wa maofisa, mtu mmoja wa kuchora ndege, na mbwa wengi waliofumiwa sweta. Mahali hapo walipaita Uskoti Ndogo, ingawa nusu yao Uskoti yenyewe waliijua kwa picha za kalenda. Uhuru ulikuja, bendera ikabadilishwa, wao wakaagiza mbegu nyingine za waridi.

Na vita je? Huo ulikuwa mwaka wa 1966, vita vya shifta, kati ya serikali na Wasomali wa kaskazini, vimepamba moto. Wafugaji walikuwa wanatolewa porini na kukusanywa vijijini chini ya mtutu wa bunduki, na ngamia wao wanachukuliwa makundi kwa makundi. Barazani Gurati yote hayo yaliitwa usumbufu wa barabarani, kwa kuwa yalichelewesha siagi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ni kweli, lakini hawa walikuwa hawajawahi hata kumsalimia.

Ebla binti Rage hakupanda mlima huo kutafuta kazi. Alipanda kumtafuta mumewe. Keynan alitoka Garissa na ngamia arobaini wakati wa kiangazi, akifuata malisho upande wa kaskazini, na mtu wa mwisho kumwona alimwona chini ya Gurati. Tangu hapo, miezi saba, kimya. Ebla hakuwa mke, hakuwa mjane. Kama Keynan amekufa, ilimpasa avae nguo nyeupe akae eda miezi minne na siku kumi, amlilie kama watu wanavyowalilia watu wao. Kama yu hai, ilimpasa amngoje. Yote mawili kwa pamoja hayawezekani, na ndiyo aliyokuwa akiyafanya kila siku huku ameshika sinia.

Mama Maua alimwajiri siku ile ile alipomwona. Ebla alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mwendo wa madaha, na bibi huyo alikuwa anataka mtu wa kuwapa wageni chai akiwa amevaa nguo za kwao. Jina la Mama Maua alipewa na Ebla, kimoyomoyo. Mume wa bibi huyo naye Ebla alimwita Shingo, kwa sababu alikuwa nayo ndefu, nyekundu, na aliitanguliza kila aendako. Wasomali hawamnyimi mtu jina analostahili.

Alasiri hiyo Mama Maua alirudi kutoka chini ya mlima na kikapu. Akamwaga vilivyomo sakafuni: kengele za ngamia, kumi na moja, za mti uliochongwa, kila moja na ndimi zake mbili za mbao. Alikuwa amezipata kwa askari mmoja kwa pakiti mbili za sigara.

"Maridadi sana," alisema kwa kile Kiswahili chake cha kuamrishia. "Wewe funga hapa juu. Moja, moja, moja. Upesi, wageni nakuja."

Upepo wa ziwani ukazitikisa zile za kwanza, zikagongana. Mama Maua akakunja uso. Alinunua mapambo, hakununua kelele. Akaleta pamba, akazishindilia zote kwa kidole mpaka zikanyamaza, kisha akamrudishia Ebla azifunge kwenye boriti, juu ya meza ya chai.

Ya saba ilimsimamisha Ebla. Ilikuwa na ufa, na ufa wenyewe ulishonwa kwa ukanda wa ngozi ya twiga, mshono umekwenda upande, mshono wa mtu anayetumia mkono wa kushoto. Ebla alikuwepo Keynan alipokuwa anaushona, na alimcheka. Hiyo ilikuwa kengele ya Ambaro, ngamia jike aliyekuwa akiongoza kundi lao lote.

Aliifunga, akashuka, akamimina chai. Wageni wakazisifu kengele, wakasifu hali ya hewa, wakaenda zao.

Alipobaki peke yake alipanda kiti, akaichomoa pamba ya ile kengele ya saba. Ndani zaidi kidole chake kikagusa kitu kingine. Nyasi. Nyasi kavu zilizosokotwa na kufungwa kwa nyuzi za shuka. Shuka hilo alilijua, alilipiga pindo kwa mikono yake. Akakaa palepale juu ya kiti cha mgeni.

Wafugaji huziba kengele kwa nyasi kwa jambo moja tu, wanapomkimbia adui, ili kundi lipite kimya. Wakifika salama, kabla mtu hajagusa maji, kitu cha kwanza ni kuzizibua. Ngamia ambaye kengele yake imezibwa hajafika. Bado yumo njiani, na aliye naye yumo njiani.

Alimkuta Elkanah jikoni akisugua sufuria. Elkanah alikuwa mtu wa bara, Mkristo wa Kakamega, na kazi yake ameilinda miaka kumi kwa kutosikia mambo.

"Elkanah, walaal, ndugu yangu. Ngamia ya kengele hii ilikuwa wabi?"

"Usiniulize, dada."

"Nakuuliza."

Mpishi akautazama mlango. Alipojibu, alijibu kwa kunong'ona.

"Walifungiwa kule bondeni, ndani ya seng'enge. Ngamia wengi. Askari walitaka kuwaleta wanywe ziwani. Bwana akaandika barua. Alisema watachafua maji, na Jumapili watu wanaogelea."

"Siku ngabi?"

"Nane. Harufu ya maji wanaipata. Walikuwa wanalia, dada, mpaka Bwana akaagiza gramafoni itolewe barazani ipigwe."

"Na watu?"

Elkanah akainamisha kichwa. "Ngamia niliwaona wamelala. Watu sikuona. Sikuenda kuona."

Ebla alimdharau kwa neno hilo, na usiku kucha alimdharau. Lakini angalau huyu aliona haya. Kule sebuleni hapakuwa na haya hata ya kukopesha.

Kesho yake, saa kumi kasoro robo, alitandika kitambaa cheupe kama kawaida. Kisha akapanda kiti, akazivuta zile nyasi zote, hata uzi wa mwisho, akazifunga kwenye pindo la nguo yake.

"Bismillahi," alinong'ona. "Mmefika."

Wageni wakaja, saba, na wenyeji wawili. Ukungu nao ukaja, mzito, ukafunika ziwa, ukafunika waridi, ukasimama kwenye ngazi ya chini ya baraza. Upepo haukuwepo kabisa. Mama Maua alikuwa anasimulia habari za mbwa wake aliyepata mafua.

Kengele ya Ambaro ikalia. Ko. Kimya. Ko, ko.

"Ebla! Hiyo nini?"

Ebla hakujibu, kwa sababu kutoka chini, ndani ya ukungu, kengele nyingine ilikuwa imejibu. Halafu ya pili. Halafu nyingi. Zilikuwa zinapanda kutoka bondeni, polepole, kwa mwendo wa wanyama waliochoka. Zikaja karibu. Na zile kumi juu ya boriti, zilizoshindiliwa pamba, zikaanza kutikisika. Pamba zikaanguka moja moja juu ya mkate.

Shingo akainuka. "Ngamia! Nani nalete ngamia kwa ziwa yangu?"

Alichukua bakora, akashuka ngazi, shingo mbele. Ukungu ukammeza. Walimsikia akipiga kelele, "Toka! Toka!" Mara ya tatu neno lilikatika katikati. Hawakusikia tena.

Walisikia kunywa. Makoo makubwa, mengi, yakivuta maji kwa pamoja. Kunywa kusikokoma.

Mtu wa kuchora ndege alisema kwamba ukungu wa leo umezidi wa jana. Mjane mmoja alikubaliana naye. Sauti zao zilikuwa nyembamba, lakini hawakuacha. Walikuwa wamefundishwa tangu utotoni kwamba kitu usichokitaja hakipo.

Ebla alikuwa anavitazama vikombe. Chai ilikuwa inashuka. Hakuna aliyekuwa ameinua kikombe, na chai ilikuwa inashuka, kidogo kidogo, katika vikombe vyote tisa, mpaka vikakauka. Akainua birika. Jepesi. Jagi la maziwa. Kavu.

Ndipo akasikia wimbo.

Ulikuwa wimbo wa kunyweshea, ule ambao kila mchungaji huwaimbia ngamia wake kisimani ili wanywe kwa utulivu. Kila mchungaji ana wake. Huyu alikata pumzi baada ya neno la pili, pahali ambapo hakuna anayekata. "Hoo, Ambaro, hoo."

Miezi saba Ebla alikuwa ameomba aisikie sauti hiyo. Sasa nywele zilimsimama. Ngamia walilala bondeni, Elkanah aliwaona. Aliye hai hawanyweshi waliokufa.

"Keynan," alinong'ona. "Uko hai?"

Wimbo ukakatika.

Ngazi ya kwanza ikalia. Makubadhi. Ya pili. Ya tatu. Hapakuwa na mtu. Harufu ya maziwa ya ngamia yenye moshi ikajaa barazani, ikaishinda harufu ya waridi.

Makubadhi yakasimama mbele ya Ebla.

Pembe ya kitambaa iliyokuwa upande wake ikainuka. Ikakunjwa. Ikabanwa, kama mtu aliyetoka kunywa anavyojifuta mdomo na mkono. Wote mezani waliiona. Wote wakatazama pembeni.

Kisha fundo la kengele ya saba likafunguka, taratibu, kwa upande wa kushoto. Kengele haikuanguka. Iliondoka. Ilishuka ngazi ikilia, ikapita katikati ya waridi, ikaelekea ziwani. Zile nyingine zikaifuata. Ikabaki moja. Haikubaki hata moja.

Ebla alikuwa amepata jibu lake. Lilimchoma, na papo hapo likamtua mzigo wa miezi saba. Hakupiga yowe. Alishika kile kitambaa cheupe kwa mikono miwili, akakivuta. Vikombe vikapasuka sakafuni, birika likabingirika mpaka kwenye miguu ya yule mjane. Akajifunika nacho toka kichwani mpaka vifundoni, kama mwanamke aliyefiwa anavyojifunika.

"Kitambaa yangu!" alipiga kelele Mama Maua. Mumewe yumo ndani ya ukungu, na hilo ndilo lililomtoka.

"Mume yangu amekunywa, mama," alisema Ebla. "Nenda angalia yako."

Walimkuta Shingo ukungu ulipoinuka. Alikuwa amepiga magoti matopeni, ameinyoosha shingo, uso umo majini, anakunywa. Tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma na bado anakunywa. Watu wanne walimvuta, akawauma. Hakusema neno tena, zaidi ya kuomba maji kwa mkono. Walimpeleka kwao kwa ndege na kutangaza kwamba ni malaria, katika mlima usio na mbu hata mmoja.

Ziwa lilikuwa limerudi nyuma hatua kumi na tano. Matope yaliyobaki wazi yalijaa nyayo za ngamia, zote zimeingia ziwani, hakuna hata wayo mmoja uliotoka. Katikati yake palikuwa na nyayo za makubadhi ya mtu mmoja. Wazungu wa Gurati walisema ni kiangazi. Mwaka haukuisha nyumba zote kumi na moja zilikuwa tupu, na waridi zimeliwa na swala.

Elkanah ndiye aliyemshusha Ebla mpaka barabara ya lori. Hakurudi kuchukua hata viatu vyake vya kanisani.

Ebla alikaa eda yake Garissa, miezi minne na siku kumi, ndani ya kitambaa cha chai cha Mama Maua. Baadaye alikifua, akakianika, akakikunja. Leo kiko kwa Safiyo, binti wa dada yake, anayekaa karibu na mto. Kimefuliwa mara nyingi. Safiyo hukianika uani mwezi wa Februari, saa saba mchana, wakati Garissa hata mate hayakai mdomoni. Pembe tatu hukauka kabla hajaufikia mlango. Ya nne haijakauka tangu mwaka ule. Ni doa la maji la upana wa kiganja cha mwanamume, na ukilinusa lina moshi.

Mbuzi wa jirani hulijua. Huja wakalilamba, wakisukumana, na Safiyo huwaacha. Anasema kwao mnyama hafukuzwi majini.