Farasi wa Mkate na Vumbi Lililosingiziwa

Kila alfajiri, mtaa ulijua saa kwa kwato za Waziri.

Waziri alikuwa farasi. Watu walimpa jina hilo kwa sababu ya mwendo wake. Alitembea polepole, kichwa juu, kama mtu anayesubiriwa mkutanoni. Alivuta gari lenye kabati la mkate. Juu ya gari alikaa Baba, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Mkate.

"Mkate huo!" Baba aliita kila mlangoni. "Wa moto kuliko maneno ya jirani!"

Nyumbani walikuwa wanne. Mama, mke wa Baba, alikuwa dobi. Alifua nguo za watu uani, nyuma ya nyumba. Binti yao alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa dirishani. Halafu kulikuwa na Bibi, mama mzazi wa Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kujua kila kitu. Waziri alihesabiwa wa tano. Baba alimlea tangu akiwa mtoto, na hakupenda mtu amwite mnyama mbele yake.

Msimu wa joto ulipoingia, Waziri alianza kujikuna. Alisugua shingo kwenye nguzo ya banda. Alisugua mkia ukutani mpaka rangi ya ukuta ikabanduka. Nywele za shingoni zilinyonyoka, na ngozi ikatoa vidonda. Kila alipojikuna, vidonda vilifunguka upya.

Siku moja mwoka mikate alimvuta Baba kando, mbele ya tanuri.

"Wewe ni rafiki yangu," alisema. "Lakini wateja wana macho. Mkate na vidonda haviwezi kwenda pamoja. Nakupa wiki sita. Farasi asipopona, nitatafuta gari lingine."

Farasi wa mkate akikosa mkate, atalishwa na nini? Ingebidi mtu mwingine apewe Waziri. Baba aliwaza hivyo njia nzima.

Nyumbani alitangaza uamuzi.

"Ni vumbi," alisema. "Mtaa umekauka. Vumbi linaingia kwenye ngozi yake. Nitalikomesha!"

Basi kila jioni, kabla jua halijazama, Baba alichukua maji machafu ya kufulia ya Mama. Aliyamwaga nyuma ya nyumba, pale Waziri alipofungwa kupumzika. Ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ardhi ikawa laini na baridi. Hakuna vumbi hata chembe. Baba aliridhika.

Waziri akazidi kujikuna.

Baba naye akazidisha ndoo. Zikafika nane. Alikuwa mtu wa bidii, na bidii ikielekezwa pabaya huchosha mgongo bure.

Wiki ya kwanza ilipita hivyo. Ya pili ilipoanza, Binti alishindwa kuvumilia.

"Baba, twende tumwite daktari wa mifugo."

"Daktari atafanya nini? Ataniambia ni vumbi."

"Basi akakuambie yeye," Binti alisema, akavaa viatu.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti za mpira. Alimwamkia Bibi kwanza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyo farasi ametupiwa kijicho. Watu wanamwonea wivu."

"Tutamwangalia," Daktari alijibu kwa upole. Hakubishana.

Alimkaribia Waziri polepole, akamshika bega. Alimnusa shingoni. Kisha akageuka.

"Nani amempaka oili ya gari iliyotumika?"

Baba alitazama juu, kama anayetafuta ndege.

"Niliambiwa ni dawa," alisema mwishowe. "Nilipaka kidogo tu."

"Na siki je? Hapa kuna harufu ya siki."

"Ni mimi," Bibi alisema. "Siki na chumvi. Babu yenu nilimtibu nayo kikohozi."

"Kwenye kidonda, Bibi? Chumvi?"

"Ndiyo maana alinikanyaga," Bibi alikiri.

Mama akacheka, lakini Daktari alikuwa ameona chembe nyeupe kwenye manyoya. Mama akaacha kucheka.

"Sabuni ya unga," alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani ni uchafu."

Binti ndiye pekee aliyebaki. Wote wakamgeukia.

"Losheni yangu," alisema. "Ile yenye harufu nzuri."

Kila mmoja alikuwa akimtibu Waziri kwa siri, na kila mmoja alidhani yuko peke yake. Baba alishika kiuno, akatazamana na farasi wake. Waziri alipiga chafya.

Daktari hakuwagombeza. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawaeleza.

"Sikilizeni. Kuwashwa si ugonjwa. Kuwashwa ni dalili. Ni kama mtu anayebisha hodi. Lazima ufungue uone ni nani. Anaweza kuwa chawa. Anaweza kuwa utitiri, vijidudu vya kwenye ngozi. Anaweza kuwa minyoo inayotaga mayai chini ya mkia. Anaweza kuwa ukungu, au wadudu wanaouma, au chakula, au sabuni. Nyinyi mmempaka dawa nne kwa wakati mmoja. Akipata nafuu, mtajua ni ipi? Akizidiwa, mtajua ni ipi?"

Daktari alijifuta oili vidoleni.

"Oili iliyotumika ni sumu, na inaunguza ngozi. Siki, chumvi na sabuni zinachoma kidonda. Kuanzia leo, acheni vyote. Sasa tuanze kumtafuta anayebisha hodi."

Daktari alichana manyoya juu ya karatasi nyeupe. Wote waliinama kutazama. Walipata vumbi na nyasi.

"Umeona? Vumbi!" Baba alisema.

"Nimeona hakuna chawa," Daktari alijibu.

Alibandika utepe wa gundi chini ya mkia, akaubandua. Alikwangua ngozi kidogo shingoni na miguuni, akaweka katika vichupa. Vichupa hivyo alivipeleka kuvipima kwa hadubini, ile darubini ya kuonea vitu vidogo sana. Alimwachia Mama dawa moja tu, ya kuosha na kutuliza vidonda. Kisha alimpa Binti daftari.

"Andika kila siku kwa siku kumi. Anajikuna saa ngapi? Yuko wapi? Kuna upepo au hakuna? Msibadilishe chakula wala kitu kingine. Tukibadilisha mambo matano pamoja, tutarudi gizani."

Siku ya nne Daktari alituma majibu. Hakukuwa na mayai ya minyoo, utitiri wala ukungu. Baba alifurahi kana kwamba ameshinda kesi.

"Si niliwaambia? Lililobaki ni vumbi!"

Akaenda kumwaga ndoo zake.

Binti aliandika. Asubuhi barabarani: hajikuni. Kwenye tanuri: hajikuni. Mchana, juani: anajikuna kidogo. Jioni, nyuma ya nyumba: anajikuna sana. Jioni yenye upepo mkali, nyuma ya nyumba: kidogo. Alfajiri kabla ya kutoka: sana.

Siku ya nane ulitokea uzembe uliowafaa. Jioni hiyo wote walikwenda kumwona shangazi aliyelazwa hospitali. Katika haraka hiyo, Waziri alisahaulika mbele ya nyumba. Pale palikuwa pakavu, penye kokoto na upepo. Kila baiskeli iliyopita ilimtupia vumbi.

Waliporudi, Baba alipiga ukelele. Waziri alikuwa mweupe kwa vumbi, kuanzia masikio hadi kwato.

"Nimemuua farasi wangu kwa mikono yangu!" alisema. "Leo atajichuna!"

Lakini Waziri alisimama ametulia, anatafuna. Hakusugua kitu. Binti alisubiri. Akasubiri tena. Kisha akafungua daftari na kuandika.

"Baba," alisema, "yuko kwenye vumbi tupu, na hajikuni."

"Atajikuna sasa hivi."

"Baba, hajikuni."

Baba alimzunguka farasi mara mbili.

Daktari alisoma daftari siku iliyofuata. Aliposoma ukurasa wa siku ya nane, alitabasamu.

"Nitakuja leo jioni," alisema. "Mama, niazime shuka moja jeupe."

Jioni walisimama nyuma ya nyumba. Daktari alitandaza shuka kwenye kamba ya nguo, karibu na tope. Hakukuwa na upepo.

"Tulieni, mtazame shuka."

Mwanzoni hawakuona kitu. Halafu nukta nyeusi ikatua. Ikatua nyingine. Zikawa kumi, zikawa nyingi. Zilikuwa ndogo kuliko chembe ya pilipili manga. Nukta moja ilitembea.

"Huyo ndiye anayebisha hodi," Daktari alisema. "Anaitwa usubi. Ni mdogo, humwoni, lakini anauma na kunyonya damu. Mwili wa Waziri haupatani na mate yake. Farasi mwingine akiumwa, hajali. Huyu akiumwa kidogo tu, ngozi yake inawaka moto."

"Kumbe!" Bibi alipandisha gauni, akaonyesha vifundo vya miguu. Vilikuwa na vipele. "Na mimi najikuna hapa kila jioni. Nikadhani ni uzee!"

"Si uzee, Bibi. Ni jirani zako."

Baba aliinamia shuka.

"Wanatoka wapi?" aliuliza. "Mtaa mzima umekauka."

Daktari alichota tope kidogo kwa kijiko, akaliweka katika sahani yenye maji safi. Alimpa Baba kioo cha kukuzia. Baba alitazama. Vidudu vyembamba kama uzi vilikuwa vinajinyonganyonga majini.

"Hao ni watoto wao," Daktari alisema. "Usubi hutaga kwenye tope lenye uchafu, karibu na samadi. Ni kweli mtaa mzima umekauka. Ni hapa kwenu tu penye tope. Walianzia kwenye maji ya kufulia yaliyomwagika, na ndoo zikawazidisha."

Baba aliweka kioo chini. Alitazama ndoo zake nane zilizopangwa ukutani.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyewafuga."

Machozi yalimlenga. Mama alimshika mkono.

"Ulimwaga kwa mapenzi, mume wangu."

"Walinywa mapenzi yangu, wakamla farasi wangu!" Baba alisema, na hapo wote wakavunjika mbavu, naye akiwemo.

Daktari aliwaambia la kufanya. Maji ya kufulia yapelekwe kwenye mfereji unaotiririka. Tope likaushwe, samadi izolewe kila siku na kupelekwa mbali. Waziri apumzike mbele ya nyumba, penye upepo, na aingizwe bandani kabla jua halijazama.

"Lakini tunatoka alfajiri," Baba alisema. "Si ndiyo saa yao?"

"Usubi hawaruki kwa nguvu. Waziri akitembea, hawamfikii. Akisimama, ndipo wanamla. Kwa hiyo mvalisheni nguo."

Binti alinyanyua kichwa. "Nguo?"

"Kitambaa chepesi, kilichofumwa kwa karibu. Chandarua cha kawaida hakitoshi, watapita kwenye matundu. Kifunike shingo, mgongo na tumbo."

Usiniulize Binti alilala saa ngapi wiki ile. Alimpima Waziri kwa futi yake ya kushonea kama anayempima bwana harusi. Alishona vazi jeupe lenye kola, na kitambaa kilichobaki akakitundika kwenye mlango na dirisha la banda. Mama na Baba walichimba mfereji mdogo, wakatupa kokoto kwenye tope. Bibi alisimamia. Alisimamia sana.

Siku zilipita. Wiki ya nne, vidonda vilikauka. Wiki ya tano, magamba yalidondoka, na chini yake ngozi ilikuwa safi. Nguzo ya banda ilibaki imesimama peke yake, haina wa kuisugua. Halafu asubuhi moja Mama alipokuwa anaosha shingo ya Waziri, alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Nywele zilikuwa zinaota. Zilikuwa fupi, zimesimama wima kama nywele za brashi mpya.

Siku ya mwisho ya wiki ya sita, nyumba nzima ilikwenda kwenye tanuri. Hata Bibi alipanda gari. Waziri alivaa vazi lake jeupe, kichwa juu.

Mwoka mikate alitoka, mikono imejaa unga. Aliinua vazi taratibu. Alipitisha macho shingoni, mgongoni, kwenye mkia. Alizunguka upande wa pili, akatazama tena.

"Huyu ndiye yule yule?" mwoka mikate aliuliza.

"Ndiye yule yule!" Bibi alijibu kabla ya wengine.

"Mlimpa dawa gani?"

"Tuliacha kumpa dawa zetu," Binti alisema. "Tukamtazama."

Mwoka mikate alicheka, akafungua kabati la gari kwa mikono yake mwenyewe. "Pakieni basi! Mkate unapoa!"

Kelele zilizopigwa pale ziliwaamsha hata waliokuwa na likizo.

Daktari alikuwa amewaonya kuwa mwili wa Waziri hautabadilika. Kila msimu wa joto, usubi wakirudi, vazi nalo lirudi. Hawakusahau. Daftari la Binti bado linaning'inia kwenye mlango wa banda, na penseli yake imefungwa kwa uzi.

Jioni ile, Baba alimfunga Waziri mbele ya nyumba, mapema, akamvua vazi ili ampige brashi. Baiskeli ikapita kwa kasi. Vumbi likapanda, likamtua Waziri mgongoni. Mkono wa Baba ulitaka ndoo, kwa mazoea. Akauzuia.

Waziri alipiga chafya moja. Kisha alifumba macho, akatulia kwenye upepo, hajikuni kabisa.

Baba alilitazama vumbi linavyozidi kutua.

"Nisamehe," aliliambia. "Nilikusingizia."