Gitaa la Marehemu Aliye Hai

Asubuhi za mtaa wetu zilikuwa tulivu, majirani zangu. Nilipofungua karakana yangu ya useremala, nilimwona mzee wa nyumba ya mbele amekwisha keti kibarazani, gitaa la besi mapajani. Miaka thelathini alipiga besi kwenye bendi ya hoteli. Kiharusi kilimlegeza mkono wa kulia, basi alibonyeza nyuzi kwa mkono wa kushoto tu, bila sauti, huku akitikisa kichwa kama anayesikia bendi nzima. Mwanawe, tuliyemwita Dalali kwa kuwa aliuza kila kitu kilichokwisha tumika, alimnywesha chai na kumkata kucha. Hilo nalisema ili msidhani kijana alizaliwa mbaya.

Kisha Dalali akagundua kwamba mtandaoni wapo watu wanaotafuta magitaa ya zamani. Akapata moja bovu sokoni, akalitangaza kwa ukweli: "Besi iliyotumika, ina nyufa." Wiki mbili, kimya. Akafuta, akaandika upya: "Besi ya baba yangu. Aliipiga miaka thelathini." Akaweka na picha ya mzee ujanani, amevaa suti ya bendi. Likanunuliwa siku ileile.

Akanogewa. Kila gitaa alilolipata likawa la baba. Mengine yalitoka kiwandani juzijuzi tu, na hayo aliniletea mimi.

"Fundi, likwangue hapa mkono unapoegemea. Lionekane limekula miaka."

"Na nikiulizwa?"

"Nani atakuuliza wewe? Kwangua tu."

Nikakwangua. Nikapiga msasa, nikaisugua shingo kwa majani ya chai ili mti uwe mweusi. Hela yake nikaila. Msinitazame hivyo, tayari najitazama mwenyewe.

Tangazo la tano ndilo lililovuka mpaka. Dalali alikwisha ona kwamba gitaa la mtu aliyekufa hugombaniwa kuliko la mtu aliye hai. Akaandika: "Marehemu baba alilishika mpaka pumzi ya mwisho. Jasho lake bado limo ndani ya mti. Sauti hii haipo tena duniani." Chini yake akaweka picha ya mikono ya mzee, imekunjwa kifuani. Alimpiga picha hiyo akiwa amelala usingizi wa mchana.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, teksi ilisimama pale mbele. Akashuka mwanamume mwenye mvi, shati jeupe, analia waziwazi. Alikuwa mpiga ngoma wa bendi ile. Aliliona tangazo la mwana wa mwenzake akiwa mji mwingine, akapanda basi kuja kutoa pole. Nilitupa randa nikavuka barabara, lakini alikuwa amekwisha gonga. Aliyefungua mlango ni mzee mwenyewe, na fimbo yake.

Mpiga ngoma alirudi nyuma, akashika nguzo.

"Wewe... wewe si umekufa?"

"Nimekufa lini?"

Mgeni akampa simu yenye lile tangazo. Mzee alisoma polepole. Akaikazia macho ile picha, kisha akamwita mwanawe.

"Mwanangu, hii mikono ni ya nani?"

"Baba, ni biashara tu. Huko mtandaoni kila mtu anatia chumvi."

"Umenizika, halafu unasema chumvi?"

Dalali akacheka, kicheko cha mtu anayetafuta pa kujificha. "Sasa dawa zako unadhani zinatoka wapi?"

Mzee akatema mate sakafuni. Sikuwa nimewahi kumwona akitema mate ndani ya nyumba. "Unataka ninywe dawa zilizonunuliwa kwa kifo changu? Mpigie dada yako aje anichukue."

Dada mtu, ambaye ni nesi, alifika alasiri. Alifunga nguo za baba yake kwenye mfuko mmoja, akaondoka naye.

Baada ya miezi minane mzee alifariki kweli, nyumbani kwa binti yake. Dalali alilia kilio cha kweli, na mimi nilimwonea huruma. Akaandika mtandaoni: "Baba yangu amefariki. Mazishi kesho saa nane." Kisha akavuka barabara na kuniletea simu nimsomee majibu, maana machozi yalimzuia kuona.

"Leo unauza lipi?" aliandika mmoja.

"Huyu mzee anakufa mara ngapi?" aliandika mwingine.

Sikuendelea kusoma.

Makaburini tulikuwa watu kumi na mmoja. Mpiga ngoma alikuja kwa sababu binti alimpigia mwenyewe. Wenzake wanne wa bendi waliona tangazo la msiba, wakadhani ni la kuuza gitaa jingine, wakaendelea na shughuli zao. Dalali aliposogea mbele kumzungumzia baba yake, dada yake alimshika mkono.

"Kaa kimya. Leo aseme mtu anayeaminika."

Akarudi nyuma, akasimama karibu yangu. Mpiga ngoma ndiye aliyesema.

FUNZO

Ndugu zangu, mnaouza, uzeni kitu kama kilivyo. Kina ufa, semeni kina ufa, hata kikikaa wiki mbili bila mteja. Wanunuzi, kagueni gitaa, msinunue machozi ya mwenye gitaa. Nasi mafundi tunaokwangua na kusugua tukisema hayatuhusu, sisi ni waongo sawa na aliyeandika tangazo. Anayeongopa kila siku ili auze, siku atakapokuwa na neno moja la kweli, tena la uchungu, hatapata wa kulisikiliza.