Daktari Mina na Mchumba Aliyeutangaza Ukoo Wake

"Nilijua siku moja utanilipiza, Mina. Nilikuibia mume."

Matilda alisema hivyo akiwa kitandani, sauti imekauka. Daktari Wilhelmina alimwinamia. Akamfunua kope: ndani nyeupe, damu imepungua.

Miaka tisa nyuma walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Wiki ya harusi, Didas, mchumba wake, alimwacha Wilhelmina, akaitangazia parokia nzima kwamba mama wa binti huyo alikuwa na wazimu, ukoo ule hauoleki. Kisha akamwoa Matilda. Wilhelmina alilia mpaka akachoka, akamaliza udaktari, akaongeza na masomo ya maradhi ya akili. Sasa, mwaka 1977, kila Alhamisi alitoka Kibaha kwa Landrova kuwatibu watu wa Mzenga, mwili na akili, katika chumba cha ofisi ya kijiji.

"Hulali?"

"Tangu mtoto afariki. Namsikia analia. Namjibu."

"Didas anasemaje?"

"Kwamba mimi kichaa."

Wilhelmina akauma meno. Tuhuma ile ile!

"Nitalipiza, Matilda. Ila si kwako. Lala, usikohoe."

Akavuta pazia. Akamwomba Mzee Mfaume, mwenyekiti wa kijiji, akae baraza ya nyuma, chini ya dirisha. Ndipo akamwita Didas, aliyekuwa akingoja mbele.

"Mkeo amelala. Haya, nieleze."

Didas akasogeza kiti, akatabasamu lile tabasamu la zamani.

"Mina, mwambie mwenyekiti kwamba Matilda ni kichaa. Neno la daktari mwenyekiti hawezi kulibishia. Apelekwe mbali huko, mimi niwe huru."

"Huru ufanye nini?"

"Nirudi kwako."

"Si ulisema kwetu tuna wazimu?"

"Aah, yale! Nilitafuta sababu ya kukuacha tu. Mama yako alikuwa mzima kama mimi."

Wilhelmina alihisi utamu mkali kifuani. Hakuuonea haya.

"Na Matilda?"

"Mzima. Analia tu, ananichosha."

Pazia likafunguka. Matilda alisimama ameshika ukuta.

"Didas, mtoto tulimzika pamoja."

"Matilda! Mimi nilikuwa..." Didas akanyoosha mkono amshike.

"Usimguse!" Mzee Mfaume alikuwa mlangoni. "Nimesikia yote, kijana. Na kijiji kitasikia leo kwenye mkutano, kwa mdomo wako mwenyewe. Ukikataa, nitasema mimi."

Didas akamgeukia daktari, jasho likimtiririka.

"Mina, umenimaliza!"

"Bado. Utasimama utaje jina la mama yangu, useme ulimsingizia."

Jioni ile Didas alisimama mkutanoni. Alipolitaja jina lile na kukiri, watu wakamzomea, na Wilhelmina akasikiliza kila sauti mpaka ya mwisho.

Kisha akamshika Matilda mkono, akampandisha kwenye Landrova.

"Unanipeleka wapi?"

"Kwangu, Kibaha. Utapata dawa ya kuongeza damu, na tutazungumza juu ya mtoto mpaka usingizi urudi."

"Umenisamehe?"

"Bado," alisema Wilhelmina, akimfunika miguu kwa kanga. "Kula kwanza."