Mama Alisikia Yote

Walikutana siku lifti ya hospitali ilipokwama. Ukumbi umefurika watu, kila mmoja anabonyeza kitufe utadhani anakikomoa, na nesi wa chumba cha wagonjwa mahututi, sare yake ya bluu imepigwa pasi ikanyooka, akamfokea fundi: "Kaka, mgonjwa wangu hapandi ngazi!"

"Na lifti haipandi kwa makelele, dada," akajibu fundi, ovaroli limejaa grisi, meno yote nje.

Nesi akacheka bila kupenda. Basi, mapenzi yakaanzia hapo.

Taabu ikawa simu. Zamu ikianza, simu ya nesi hufungiwa kabatini. Fundi akipiga, inaita mpaka inachoka.

"Mpenzi, hivi mimi ni wa ngapi kwako?" fundi akauliza, siku nesi alipompigia baada ya zamu.

"Laazizi, nikiwa kazini hata mimi mwenyewe sina nafasi kwangu."

"Basi olewa na hizo mashine zako!" Fundi akakata simu.

Jeuri gani hiyo, jamani! Wiki nzima kanuna, hapigi. Nesi naye akajikaza, huku moyoni anaungua.

Asubuhi moja machela ikaingia mbio. Mama mtu mzima, nimonia, pumzi zinakatika, midomo imekuwa ya kijivu. Anayekimbia nyuma yake ni fundi.

"Mama yangu huyo! Mpenzi, nakuomba..."

"Toka nje."

"Mimi ni mwanawe!"

"Nimesema toka!"

Mlango ukafungwa. Fundi akajibwaga kwenye benchi. Analipiza kisasi, aliwaza. Maskini, hakujua kwamba ndani daktari alikuwa akipitisha mpira wa kupumulia kooni mwa mama, na nesi, jasho likimtiririka, anaikodolea macho mashine: hewa ya mgonjwa inashuka, inashuka. Ikasita. Ikapanda.

Sasa, manesi wa pale wana desturi yao. Mgonjwa aliyelazwa kwa dawa ya usingizi huongeleshwa, kwani huenda anasikia. Huambiwa leo siku gani, nje mvua au jua. Nesi wetu akapitiliza.

"Mama, nakugeuza kushoto. Mwanao kichwa maji, lakini nampenda mpaka naumwa. Pona basi, nani atanisaidia kumfunda?"

Siku zikapita. Dawa ikapunguzwa, mpira ukatolewa, fundi akaitwa ndani, barakoa usoni, amekonda. "Mama, fumbua macho," nesi akasema, na mama akafumbua. Hakumtazama mwanawe.

"Sauti ile," alikwaruza. "Kumbe ndiye wewe, mkwe?"

Nesi alitamani ardhi ipasuke.

"Mama, unaweweseka?" fundi akauliza.

"Aweweseke nani? Kanieleza yote. Kichwa maji wewe, unamnunia mtu aliye kazini! Mwombe radhi, hapa hapa, nikiona."

"Nisamehe," fundi akamwambia nesi. "Nilidhani unanikomoa."

"Nilikufukuza kwa sababu ningekutazama, mikono ingetetemeka."

"Nikubali nikuoe."

"Nitakujibu zamu ikiisha."

"Mjibu sasa hivi, mwanangu," mama akadakia. "Mimi pumzi zangu bado za kuazima."

Nesi alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa mama, anapima mapigo.

"Nimekubali, mama," akasema, machozi yakimdondoka, na ikambidi aanze kuhesabu upya.