Nzembi Avunja 510,510

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Nzembi na Kiilu walinyunyiza maji kwenye sakafu ya darasa la saba ili vumbi la Kitengela litulie. Kisha wanafunzi walibanana, sita kwa kitabu kimoja cha hesabu. Wakubwa wa elimu walikuwa wameahidi vitabu tangu Nzembi akiwa darasa la nne. Kilichofika ni hotuba.

Kwa hiyo shindano la hesabu la Kajiado, mwaka wa 1999, halikuwa mchezo. Shule itakayoshinda ingepewa vitabu vya kutosha darasa zima.

Mchana zilibaki shule mbili tu. Mwamuzi, mama mmoja mrefu, akaandika ubaoni: 510,510.

"Ivunjeni iwe nambari tasa zinazozidishana," akasema. "Zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe."

"Woi! Hii tutaivunja na shoka?" Kiilu akanong'ona.

"Itazame kwanza," Nzembi akajibu. "Si ni 510 imejirudia? Ni 510 mara elfu moja, na 510 nyingine moja juu yake."

"Basi ni 510 mara 1,001!"

Wakaipasua 1,001, wakapata 7, 11 na 13. Kutoka 510 wakapata 2, 5 na 51.

"Peleka!" Kiilu akahimiza. "Hiyo 51 ni tasa, hata sura yake inaonyesha."

Gakuru, nahodha wa shule ile nyingine, alikuwa tayari anakimbia mbele na karatasi yake. "Rudini Kitengela mkachunge mbuzi!" akawatupia. Wenzake wakashangilia.

"Umeona sasa? Tumekwisha," Kiilu akalalamika.

Lakini Nzembi hakuiachilia karatasi. Nyumbani walifuga kuku, na mayai yasiyojaza trei aliyapanga matatu matatu yasibingirike. Akafumba macho, akapanga mayai hamsini na moja. Mistari ikafika kumi na saba, na hakuna yai lililobaki!

Akafuta 51, akaandika: 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 × 17.

"Ala! Nambari tasa saba za kwanza," Kiilu akashangaa, "na hakuna hata moja iliyorukwa!"

Mwamuzi alisoma karatasi ya Gakuru, akatikisa kichwa. "51 inagawanyika kwa tatu." Akasoma ile Nzembi aliyoipeleka, akatabasamu. "Kitengela!"

Ukumbi ukalipuka. Gakuru mwenyewe akaja kumpa Nzembi mkono. "Hiyo 51 imenimaliza, dada."

Walitoka nje wakiimba, makatoni ya vitabu mabegani. Mwalimu wao, Kitonga, akawasimamisha kivulini.

"Nambari kubwa haikuwashinda, kwa sababu mliichunguza kabla ya kuiogopa," akasema. "Na Nzembi alikagua kazi yake hata kelele zilipomharakisha. Fanyeni hivyo maisha yenu yote. Wakubwa wetu wangekagua ahadi zao namna hii, watoto wangu, tusingekuja Kajiado kupigania vitabu."